Fundi Asiyeomba Viza ya Kwao

Mahali alipozaliwa ndipo penye ugomvi wenyewe, kwa hiyo sitaanzia hapo. Ukoo wake pia nitauacha, maana yeye mwenyewe aliyemuuliza habari za ukoo alimjibu kwamba anauza kofia, haposi. Pale Satwa, mtaani Dubai, tulimwita Fundi. Mtaa ule umejaa mafundi, wa nguo, wa magari, wa viyoyozi, lakini ukisema Fundi bila kuongeza kitu kila mtu alijua ni yupi: yule mzee mwembamba wa kofia, mwenye mdomo.

Duka lake lilipakana na ofisi yetu ya tiketi za ndege. Mimi ni mtoto wa Al Twar, mtaa mwingine wa hapa Dubai, wazee wangu walitoka Unguja kabla sijazaliwa, na kazi yangu ni kuwakatia watu safari. Nimeshika pasipoti za kila rangi. Nikiona jalada tu najua mwenyewe atapita haraka uwanjani au atawekwa kando aulizwe maswali, na nilishaacha zamani kulionea hasira jambo hilo. Fundi hakuacha. Alikuja na hasira yake mbichi kila asubuhi, pamoja na chupa ya chai, na vyote viwili alitugawia.

Alishona kofia za mkono, zile za vitobo, nyeupe, nyuzi za rangi ya maziwa ambazo huzioni mpaka usogee. Kofia moja ilimchukua wiki nyingi. Na hakukuachia uichukue mwenyewe mezani. Sharti akuvike kwa mkono wake, aigeuze kidogo kulia, arudi nyuma akutazame, aigeuze tena. Akiona haijakaa, hauzi, hata kama umeshatoa pesa. Nilimwona akimnyima bwana mmoja aliyeacha gari lake la fahari katikati ya njia, injini inanguruma, akitaka apewe upesi aende zake. Fundi akamwambia akazime gari kwanza, kichwa chenye haraka hakivikwi. Bwana yule akaenda akalizima. Mimi ningekuwa Fundi ningeuza nikamaliza, lakini mimi sikuwa Fundi, na ndiyo maana yeye alikuwa na wateja wa miaka mingi na mimi nina wateja wa bei nafuu.

Alinieleza kuwa kwao kofia hushonwa na wanawake. Yeye alifundishwa na dada yake mkubwa, wamekaa barazani kwa mama yao, wavulana wenziwe wanapita wanamcheka. Dada alimpiga vidole kwa kijiti kila alipokosea tundu. Fundi alisimulia kupigwa huko kwa furaha kuliko watu wanavyosimulia harusi zao. Huyo dada mshikeni, maana bila yeye hamtamwelewa Fundi.

Sasa ugomvi wenyewe. Komoro ni visiwa vinne. Enzi za ukoloni vyote vilikuwa chini ya Wafaransa. Ulipofika wakati wa kuondoka, watu walipigishwa kura. Vitatu vikawa nchi huru, na cha nne, Mahore, ambacho kwenye ramani huandikwa Mayotte, kikabaki kwa Wafaransa, kwa sababu wengi wa pale walitaka hivyo. Serikali ya Komoro mpaka leo inasema kisiwa ni chake na kimekatwa kwa hila. Baadaye Wafaransa wakaweka viza: Mkomoro akitaka kuvuka kwenda Mahore, hata kama mama yake amelala kule, aombe kwanza. Fundi alizaliwa Mahore na alikuwa na pasipoti ya Komoro. Yaani nchi iliyompa pasipoti ilisema amezaliwa ndani ya nchi, na wenye kushika kisiwa wakasema ni mgeni.

Hapa Dubai miaka ile palikuwa na watu waliozaliwa hapa hapa, wasio na uraia wowote, ambao walipewa pasipoti za Komoro ili wawe na kitu cha kuonyesha. Baadhi yao ni watoto wa watu wetu wa Unguja, nimecheza nao Al Twar. Walikuwa hawajawahi kuiona Komoro hata kwenye kalenda. Wakasikia yuko mzee Satwa wa huko, wakawa wanakuja mmoja mmoja, wanamwuliza nchi yao ikoje. Fundi alichukua chaki ya kukatia nguo akawachorea juu ya meza visiwa vinne, akawatajia milima, akawatajia vyakula. Kijana mmoja, mpole tu, akasema kwenye simu yake ameona vitatu. Fundi akamsogezea mbali kikombe chake cha chai.

"Umepewa pasipoti yetu, umepewa na ugomvi wetu," akamwambia. "Hesabu tena."

Kijana akahesabu. Alipofika cha nne ndipo alirudishiwa chai.

Msidhani alikuwa mtu wa kuchukia kila cha Wafaransa. Hilo ndilo lililonichosha kwake na kunifurahisha. Alihesabu tundu za kofia kwa Kifaransa, chini chini, na ukimkatiza alianza upya kwa Kifaransa hicho hicho huku akikutukana kwa Kiswahili. Mkate wake ulikuwa ule mrefu mgumu, na jibini la pembe tatu la kwenye boksi la duara. Mwaka ule Wafaransa walipochukua Kombe la Dunia kule Urusi, alikuwa mkahawani kwa jirani yetu Mmalabari amesimama juu ya kiti, anashangilia mpaka sauti ikamkauka. Nikamwuliza, Fundi, leo umehamia kwao? Akanitazama kwa huruma kabisa. Wale ni watoto wetu, akasema, Wafaransa wamewaazima tu, na chetu kikishinda lazima tushangilie. Nilitaka kubishana naye, ila mkahawa mzima ulikuwa umeshaanza kumpigia makofi.

Na siku tuliyokwenda naye Hatta, mji wa Dubai ulio mbali milimani, kuchoma nyama. Tulikuwa familia yetu yote, na mama akasema mzee asiachwe peke yake siku ya Idi. Wakati huo njia ya Hatta ilikuwa ikikatisha kipande cha ardhi ya Omani. Unatoka Dubai, unaingia Omani dakika chache, unarudi tena Dubai, na hakuna aliyekuuliza kitu. Kaka yangu alipomwambia kwamba hapa sasa ni Omani, Fundi akaomba gari lisimame. Akashuka, akatandika kikoi kwenye changarawe, akasali rakaa mbili kwenye jua lile. Aliporudi garini alikuwa anatabasamu, akasema ameingia nchi ya watu bila viza, amemsalimia Mola, ametoka, na nchi haikupungua kitu. Kaka akasema tutachelewa nyama. Miaka michache baadaye wakaweka zuio pale, sisi wenye pasipoti za mbali tukawa tunazungushwa njia nyingine. Fundi alipoisikia habari ile hakucheka. Alikasirika kama vile wamemfungia yeye binafsi, akasusa kula nyama ya Hatta mwaka ule.

Turudi kwa dada. Kila Ijumaa baada ya sala alimpigia simu, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yameshazeeka, alifungua spika, ofisi nzima ikasikia. Walizungumza Kimaore, lugha ya Mahore, ambayo mtu wa Unguja anaielewa nusu na nusu anabahatisha. Ila walipoanza kugombana Fundi aligeukia Kiswahili makusudi, ili mimi niwe shahidi wake. Dada naye alikijua kidogo, akamjibu hicho hicho ili nami nisidanganywe.

Dada alikuwa amepiga kura ya kubaki na Wafaransa, na hakujuta hata siku moja. Sababu zake hazikuwa za kijinga. Alisema ana hospitali, ana fedha yake ya uzeeni, wajukuu wanasoma bure, na hao ndugu zake waliojikomboa wanawapakia wake zao mashuani waje wazalie kwake. Fundi akajibu kwamba mtumwa aliyeshiba ni mtumwa. Dada akamwuliza yeye huko Dubai anaishi kwa kibali cha nani. Hapo Fundi alizima spika.

Kila mara walifika kwenye lile lile. Dada anamtaka aje, na njia iko wazi: aombe viza kama watu wengine. Fundi anasema haombi viza ya kwenda kwao. Nimelisikia neno hilo Ijumaa nyingi kuliko hotuba za msikitini.

Lakini palikuwa na kitu cha ndani zaidi, na nilichelewa kukielewa. Kwao Mahore nyumba ni ya mwanamke. Mama humjengea binti yake. Mwanamume akioa anahamia kwa mkewe, na ndoa ikivunjika anabeba nguo zake anarudi kwa mama, na mama akishakufa, kwa dada. Fundi alishaoa huku na huku na zote zikavunjika, wala sitaingia humo. Kwa hiyo duniani alikuwa na mlango mmoja tu wa kuuita kwao, na wa kumwambia karibu au toka si serikali ya Moroni wala ya Paris, ni dada yake. Na dada, kila walipogombana, alimalizia kwa maneno yale yale: wewe ulichagua nchi nyingine, ukija utakuja mgeni. Fundi aliweza kuvumilia serikali mbili zikisema zipendavyo. Neno hilo moja la dada yake lilimtafuna.

Kisha dada akaugua figo. Mwanzoni walitaniana kuhusu hilo pia. Yeye kwa pasipoti yake ya Kifaransa angeweza kupanda ndege akatua Dubai bila kumwomba mtu yeyote, na kwa miaka alisema atakuja, atakuja, mwaka kesho. Sasa madaktari walimkatalia ndege kabisa. Sauti yake kwenye spika ikawa nyembamba, na akaacha kubishana, na Fundi alipoona dada hambishii tena ndipo aliogopa.

Njeri, tuliyefanya naye kazi, msichana wa Nakuru asiyezunguka na maneno, akamwambia waziwazi.

"Fundi, si u-apply tu hiyo visa? Ni form na picha, ni hivyo tu. Sasa dada yako ni mgonjwa, wewe uko hapa unashindana na serikali. Hiyo serikali haijui hata jina lako."

Nilimkanyaga mguu, lakini alikuwa amesema niliyoshindwa kuyasema. Siku mbili tatu baadaye Fundi akaniomba nimsindikize kuomba viza. Kwenye picha tuligombana. Walitaka kichwa wazi. Fundi akasema kichwa chake kimeonekana wazi na mama yake na muosha maiti wake tu, yule wa pili bado. Akapigwa picha amevaa kofia. Fomu nilimwambia aandike nchi anayokwenda ni Ufaransa, ndivyo inavyotakiwa, nimeijaza kwa watu wengi. Akasema sawa, akaichukua akaijaze mwenyewe nyumbani. Nilipaswa kushtuka kwa ile sawa.

Mlinzi wa pale kituo cha viza alikuwa kijana wa Kiganda, akatusalimia kwa Kiswahili, akamwambia muzee azime simu. Tukakaa. Tulipoitwa, kijana wa dirishani, mwenye tai na foleni ndefu nyuma yetu, akapekua karatasi haraka, akasimama kwenye mstari mmoja, akakunja uso. Walizungumza Kiingereza, na Fundi Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia kofia, lakini kilitosha.

"Sir, pasipoti yako ni ya Komoro."

Fundi akaitikia.

"Na hapa umeandika unakwenda Komoro."

Fundi akaitikia tena. Nikaitazama ile fomu kupitia kioo. Alikuwa ameandika: Komoro, kisiwa cha Mahore.

"Basi huhitaji viza, sir. Wewe ni raia wa huko." Na akairudisha pasipoti chini ya kioo.

Nikafungua mdomo nisahihishe. Ilikuwa kazi yangu, na neno moja tu lingetosha, kwamba Mahore iko chini ya Ufaransa na fomu ijazwe upya. Fundi akaniwekea mkono juu ya mkono wangu, taratibu. Akamwomba kijana wa dirishani arudie. Kijana akarudia, sasa kwa kuchoka kidogo, kwamba kwenda kwake mwenyewe mtu haombi viza. Fundi akamshukuru kwa heshima zote, akageuka mpaka kwa yule mlinzi mlangoni.

"Mwanangu, umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, muzee. Amesema huhitaji."

Hapo nje, kwenye joto la kituo cha basi, Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu dada augue. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikidhani yameishia hapo.

Mchana ule ule akaja mezani kwangu akaniambia nimkatie tiketi ya Moroni. Nilielewa papo hapo. Kutoka Moroni mtu anakwenda Nzwani, kisiwa cha Komoro kilicho karibu zaidi na Mahore, na kutoka Nzwani kuna viboti vya plastiki vyenye mashine moja, vinavyovusha watu wasio na viza mpaka Mahore. Kila mtu anayeuza tiketi za huko anavijua, na anajua pia kwamba vingine havifiki. Nikamwambia yule kijana wa dirishani amekosea, hakusoma vizuri. Fundi akasema hakukosea, amesoma ilivyo, wanaokosea ni wale wanaosoma vizuri. Nikamwambia atazama. Nikamwambia umri ule si wa ujinga huo. Nikamwambia ataishia gerezani. Akaniacha nimalize.

"Dada yangu anakufa, mwanangu," akasema. "Nitajie njia nyingine isiyokuwa ya kupiga magoti."

Nikaikata ile tiketi huku machozi yananitoka kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimkasirikie nani, yeye, au dada mtu na ukaidi wake, au wote waliokaa mahali fulani wakagawa bahari. Njeri akamletea maji. Fundi akayanywa, akaweka pasipoti yake kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo mara mbili mbele yetu.

Duka likakaa limefungwa. Wateja waliniuliza mimi, na nikawa nawajibu kwamba amekwenda kwao, inshallah atarudi, na kila nikisema kwao nilihisi kama nimepiga kura. Simu yake haikupatikana. Nilianza kusoma habari za viboti vile kwenye simu yangu, nikaacha, maana nilikuwa silali.

Asubuhi moja Njeri akanigusa bega. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, anachechemea mguu mmoja, kofia imekaa sawasawa. Nilimkumbatia mbele ya wateja, jambo ambalo si la desturi yetu, na yeye akaniacha. Tukamkalisha. Habari za kwenye boti hakuzisema. Alisema tu kulikuwa na wanawake wawili na mtoto mchanga, na wote walifika, alhamdulillah, khalas, nisimuulize zaidi.

Alimkuta dada amelazwa barazani. Neno lake la kwanza lilikuwa kumgombeza kwamba amekuja kama mwizi. La pili lilikuwa kumwuliza amekula. Alikaa naye, akampikia uji, akamshonea kofia mjukuu, na hawakuzungumza habari za kura wala bendera hata mara moja. Mpaka asubuhi polisi walipopita mtaani kukusanya wasio na karatasi, kama wanavyofanya pale, nyumba kwa nyumba. Fundi alisikia viatu vyao. Akavaa kofia yake akasimama, ili wasimkute amejificha.

"Walimwuliza dada," akasema, na hapo sauti ilibadilika. "Yeye ndiye mwenye karatasi. Walimwuliza, huyu ni mgeni wako? Mimi nikainamisha uso. Nilishajua atakavyosema, ameniambia miaka arobaini. Akaomba wajukuu wamnyanyue, akanyanyuliwa, akasimama mlangoni amewashika. Akawaambia, nyumba hii ni yangu, aliniachia mama yetu. Huyu yuko kwao. Wageni ni nyinyi."

Njeri alikuwa ameacha kuandika. Mimi sikuweza kumtazama Fundi usoni.

Polisi walimchukua hivyo hivyo. Wakampakia kwenye meli na wengine, wakamshusha Nzwani, na karatasi ya kusema amefukuzwa nchini. Alipofika hapo katika kusimulia, Fundi alicheka kidogo. Wamenitoa kwetu, akasema, wakanipeleka kwetu. Alikuwa bado Nzwani anasubiri ndege ya Moroni alipopigiwa simu kwamba dada amefariki. Siku hiyo hewa ilikuwa safi, na kutoka pale ufukweni aliiona Mahore, milima yake yote, na hakuwa na namna ya kufika kuzika. Alilia mbele yetu, wazi wazi, bila kujifuta, nasi tukalia naye.

Kisha akanyoosha mgongo, akaitoa pasipoti kwenye nailoni, akaiweka mezani kwangu. Akasema arubaini ya dada itasomwa nyumbani kwake, na hitima hiyo haisomwi yeye akiwa hayupo, kwa hiyo nimtazamie ndege ya Moroni.

Nikawasha kompyuta. Njeri akavuta pumzi, akauliza kwa sauti ya chini, bila ubishi safari hii.

"Na visa, Fundi?"

"Ninayo," akasema. "Alinipa mwenye nyumba."